Nani Aliyeuacha Mlango Wazi?

Tarehe 6 Machi 1987, saa 1 na dakika 5 za usiku, meli ya Uingereza iitwayo Herald of Free Enterprise ilifungua kamba zake katika bandari ya Zeebrugge, nchini Ubelgiji, ikielekea Dover. Ilichukua abiria 459, mabaharia 80, magari madogo 81 na malori 47. Bahari ilikuwa shwari na upepo wa mashariki ulivuma polepole. Meli yenyewe ilikuwa changa, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1980, na injini zake hazikuwa na hitilafu. Dakika 19 baadaye ilivuka boma la nje la bandari na kuongeza mwendo. Dakika nne baada ya hapo ilikuwa imelala ubavu wa kushoto juu ya fungu la mchanga, nusu ndani ya maji na nusu nje, karibu na bandari ile ile iliyotoka. Watu 193 walikufa, wengi wao kwa baridi ya maji.

Hapakuwa na dhoruba, mwamba wala mgongano. Meli ilitoka bandarini na mlango wake wa mbele ulikuwa wazi.

Ninapokieleza kisa hiki kwa wanafunzi wangu wa uhandisi, swali lao la kwanza huwa lile lile: nani alaumiwe? Na jibu lao la kwanza pia huwa lile lile: alaumiwe baharia aliyepaswa kuufunga mlango. Jibu hilo si la uongo. Hata hivyo, mtu akiridhika nalo hataelewa kwa nini meli ilipinduka, wala kwa nini kosa la namna ile lilikuwa limekwisha kutokea zaidi ya mara moja kabla ya usiku ule bila mtu yeyote kufa.

Tuanze basi na baharia mwenyewe. Kufunga mlango wa omo ilikuwa kazi ya msaidizi wa serahangi. Mchana ule alikuwa amefanya usafi na matengenezo, kisha serahangi akampa ruhusa ya kupumzika. Akaenda chumbani kwake, akapitiwa na usingizi, na tangazo la vipaza sauti la kuwaita mabaharia mahali pao pa kazi halikumwamsha. Alizinduka meli ilipopinduka na kumtupa kutoka kitandani. Mbele ya mahakama ya uchunguzi alikiri kosa lake waziwazi.

Lakini hakuwa peke yake karibu na mlango ule. Serahangi ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho katika sitaha ya magari. Alifunga mnyororo nyuma ya gari la mwisho, akauona mlango uko wazi, akaondoka. Alipoulizwa, alijibu kwamba kuufunga hakukuwa sehemu ya kazi yake. Afisa mkuu, ambaye alitakiwa kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, alimwona mtu akija upande ule, akadhani ndiye mhusika, akapanda juu kwenye chumba cha usukani kwa kuwa huko nako alihitajika. Nahodha, akiwa huko juu, hakuweza kuuona mlango kutokana na umbo la omo la meli ile. Hakuambiwa kwamba uko wazi, wala hakuambiwa kwamba umefungwa. Akaamuru safari.

Kabla ya kuendelea na lawama, yafaa tuitazame fizikia ya jambo hili, kwa maana lawama isiyojua namna chombo kinavyozama hurushwa ovyo.

Sinia la maji

Meli ya aina ya Herald hufanana kwa kanuni na pantoni za Kigamboni au Likoni: gari huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili bila kugeuza. Ili jambo hili liwezekane, sitaha ya magari huachwa kuwa ukumbi mmoja, kutoka omo hadi shetri na kutoka ubavu hadi ubavu, bila kuta za kuugawa. Kwa biashara ni mpango mzuri sana. Kwa mtu anayefikiria maji, ni mpango wa kutisha.

Mwalimu aweza kuonyesha sababu yake darasani bila gharama. Achukue sinia pana, alimiminie maji ya kina cha sentimita moja, kisha amwombe mwanafunzi alibebe kwa viganja viwili na kutembea nalo. Mara sinia likiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, nao huzidi kuinama. Kisha maji yale yale yagawanywe katika vikombe vingi vilivyopangwa juu ya sinia. Uzito haukubadilika, lakini mwanafunzi sasa atatembea bila shida.

Meli inayoelea hushikwa na nguvu mbili. Uzito wake huivuta chini kupitia kitovu cha uzito, na kanieleo, yaani nguvu ya maji inayosukuma chombo juu, hupita katika kitovu cha sehemu iliyozama. Meli ikiegemea kulia, sehemu iliyozama huongezeka upande wa kulia, kitovu cha kanieleo huhamia huko, nayo meli husukumwa kurudi wima. Ndiyo maana chombo kizuri huyumba bila kupinduka. Wahandisi hupima uwezo huu wa kujirudi kwa urefu uitwao kimo cha metasenta, ambao kwa meli za abiria huwa kiasi cha mita moja au mbili hivi. Ukipungua hadi sifuri, meli haina tena nguvu ya kujirudi.

Maji yaliyo huru juu ya sitaha huupunguza urefu huo. Kiasi cha upungufu hupatikana kwa kuzidisha urefu wa eneo la maji kwa kipeo cha tatu cha upana wake, kugawanya kwa 12, kisha kugawanya tena kwa mita za ujazo za maji ambazo meli imeyasukuma kando. Tuchukue mfano wa sitaha yenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 20, katika meli inayosukuma mita za ujazo 8,000. Kipeo cha tatu cha 20 ni 8,000. Jibu ni 100 ikigawanywa kwa 12, yaani mita 8.3. Hesabu hii ni sahihi kwa mwinamo mdogo tu na wakati maji yameenea sitaha nzima. Maji yakiwa machache hurundikana ubavuni mapema, na athari yake haifiki huko. Hata hivyo mwanafunzi ataona jambo lenyewe: meli ina akiba ya mita moja au mbili, na maji huru yanaweza kuidai mita nane.

Tena atazame kile kipeo cha tatu. Kama ukuta mmoja ungepita katikati ya sitaha kutoka mbele hadi nyuma, kila nusu ingekuwa na upana wa mita 10, na jumla ya upungufu ingeshuka hadi robo, yaani mita 2.1. Kuta tatu zingeushusha hadi sehemu moja ya kumi na sita. Ni kwa sababu ya namna hii kwamba matangi ya meli za mafuta hugawanywa vyumba vyumba.

Inabaki kueleza jinsi maji yalivyoingia, kwani mlango ule haukuwa chini ya usawa wa bahari. Mambo matatu yalikutana. Kwanza, omo la meli lilikuwa limeinamishwa. Herald iliundwa kwa ajili ya njia ya Dover na Calais, ambako magari hupakiwa katika sitaha mbili kwa wakati mmoja. Gati la Zeebrugge lilikuwa na daraja la sitaha moja tu, na maji ya bamvua yalipojaa, daraja hilo halikuifikia sitaha ya juu. Basi matangi ya mbele yalijazwa maji ya farumi ili omo lishuke. Pampu za kuyatoa maji hayo zilikuwa dhaifu, na meli iliondoka kabla hazijamaliza kazi.

Pili ni mwendo. Meli ikikata maji, wimbi hujikusanya mbele ya omo. Upeo wa kimo chake tunaweza kuukadiria kwa kanuni ya Bernoulli: kipeo cha pili cha mwendo, kigawanywe kwa mara mbili ya mchapuko wa graviti. Kwa mwendo wa maili za baharini 10 kwa saa, ambao ni mita 5.1 kwa sekunde, upeo huo ni mita 1.3 au zaidi kidogo. Kwa maili 18, ni karibu mita 4.4. Mwendo haujafika hata mara mbili, lakini wimbi limezidi mara tatu. Tatu ni uchache wa kina. Mahali penye maji mafupi, maji yanayopita chini ya mkuku hulazimika kwenda kasi zaidi, kanieneo yake hupungua, na meli nzima hushuka. Majaribio yaliyofanywa baada ya ajali kwa meli mwenzake na kwa mfano mdogo uliovutwa katika bwawa la maabara yalithibitisha hayo.

Kwa hiyo mlango uliosahauliwa haukutosha peke yake kuizamisha meli. Ulihitaji omo lililoinama, haraka ya kuondoka, na sitaha isiyo na kuta. Nahodha angekwenda polepole kwa dakika chache zaidi, pengine msaidizi wa serahangi angeamka mwenyewe, akakimbia chini kuufunga, na leo tusingelijua jina la meli ile.

Kimya kilichohesabiwa kuwa jibu

Nimesema kwamba kosa hili lilikuwa limetokea kabla. Tarehe 29 Oktoba 1983, meli mwenzake Herald, iitwayo Pride of Free Enterprise, ilitoka Dover milango yake ya mbele na ya nyuma ikiwa wazi. Sababu? Msaidizi wa serahangi alikuwa amelala usingizi. Meli haikupata madhara. Mahakama ya uchunguzi iliambiwa juu ya matukio yasiyopungua matano ya meli za kampuni ile kusafiri milango ikiwa wazi. Mtu wa sayansi angeyaita matukio hayo majaribio matano yaliyotoa jibu lile lile. Manahodha wengine wa kampuni hata hawakuyajua.

Sasa tuisome amri ya kudumu ya melini. Ilisema kwamba mkuu wa kila idara amjulishe nahodha iwapo kuna upungufu wowote, na kwamba asipopata habari yoyote hadi saa ya kuondoka, nahodha atachukulia kuwa meli iko tayari kabisa kwa safari. Msomaji na atafakari maana ya maneno hayo. Kimya kilihesabiwa kuwa ndiyo. Lakini aliyelala hunyamaza, aliyesahau hunyamaza, na aliyedhani mwenzake amefanya hunyamaza vilevile. Chombo cha kupimia ambacho huonyesha "salama" kikiwa kizima na "salama" kikiwa kimekufa, hakuna maabara ya sekondari ambayo ingekikubali.

Amri nyingine ilimtaka afisa wa zamu awe katika chumba cha usukani dakika 15 kabla ya meli kuondoka. Amri ya tatu ilimtaka afisa msimamizi wa upakiaji awe chini kuhakikisha kwamba milango imefungwa. Katika njia ya Zeebrugge, ambako meli ilikuwa na afisa mmoja pungufu kuliko katika njia ya Calais, watu hao wawili walikuwa mtu mmoja. Na kutoka ofisi ya nchi kavu kulikuja waraka, Agosti 1986, ukiwahimiza maafisa wawasukume walio chini yao ili meli iondoke mapema kwa dakika 15, maana kuchelewa Zeebrugge hakutavumiliwa. Wahenga husema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa waliokipeleka mrama walikuwa mbali na maji, wakiandika waraka.

Mnamo Juni 1985 nahodha mmoja wa Pride of Free Enterprise aliandika kwa wakubwa wake kuomba taa za ishara katika chumba cha usukani, zitakazoonyesha kama milango imefungwa au la. Barua ile ilizungushwa kwa mameneja kadhaa, nao wakaandika maoni pembeni. Mmoja aliuliza kwa kejeli kama inahitajika taa kujulisha kwamba baharia yuko macho na hajalewa. Mwingine alisema kwamba wazo ni zuri, ila tayari yupo mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Taa hazikuwekwa. Ombi la pampu yenye nguvu zaidi ya kutoa maji ya farumi nalo lilikataliwa, kwani gharama yake ya pauni 25,000 ilionekana kubwa kupita kiasi. Manahodha walilalamika pia, tena kwa maandishi, kwamba idadi ya abiria wakati mwingine ilizidi ile iliyoruhusiwa. Hawakusikilizwa.

Nakiri kwamba nikisoma maoni yale ya pembeni hukasirika zaidi kuliko nikisoma habari za usingizi. Usingizi ni udhaifu wa mwili. Mzaha ule uliandikwa na mtu aliye macho, mezani, mchana.

Lawama mbele ya sheria

Mahakama ya uchunguzi, chini ya Jaji Sheen, ilikaa siku 29 na kutoa ripoti yake Julai 1987. Haikumwachilia yeyote. Nahodha alinyang'anywa cheti chake kwa mwaka mmoja na afisa mkuu kwa miaka miwili, kwa kuwa nahodha hawezi kuyaweka maisha ya watu mia tano juu ya dhana. Wanafunzi wengine huona adhabu hii ni ya kumwonea mtu aliyefuata amri. Mimi naona Jaji alikuwa sahihi: amri mbaya humpunguzia nahodha upweke wa kosa, haimwondolei kosa. Lakini ripoti haikuishia melini. Ilisema kwamba wakurugenzi hawakupata kujiuliza ni amri gani zitolewe kwa ajili ya usalama wa meli zao, na kwamba kampuni yote, kutoka juu hadi chini, ilikuwa imeambukizwa ugonjwa wa uzembe. Maneno hayo ya mwisho yamerudiwa sana tangu siku ile.

Oktoba 1987 jopo la raia lililochunguza sababu za vifo lilitamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria. Ndipo serikali ikafungua mashtaka ya kuua bila kukusudia dhidi ya kampuni yenyewe, iliyokuwa sasa ikiitwa P&O European Ferries, pamoja na watu saba, kuanzia baharia aliyelala hadi wakubwa wa ofisini. Ilikuwa kesi ya aina yake. Jaji alikubali kwamba kampuni, ingawa haina mwili, yaweza kushtakiwa kwa kuua. Lakini Oktoba 1990 aliliagiza baraza la mahakama liiachilie kampuni pamoja na wakubwa watano, na kesi ya wawili waliobaki haikuendelea.

Kwa nini? Sheria ya Uingereza wakati ule ilidai apatikane mtu mmoja mahsusi, wa ngazi ya juu kiasi cha kuhesabika kuwa ndiye akili ya kampuni, ambaye yeye binafsi ana hatia. Hakupatikana. Mmoja alijua habari za taa, mwingine habari za abiria waliozidi, mwingine za pampu, na mwingine za ratiba. Kila mmoja alishika kipande. Sheria haikuruhusu vipande hivyo viunganishwe kuwa hatia moja, ijapokuwa bahari iliviunganisha kwa muda wa dakika moja na nusu. Na yafaa msomaji aone matokeo yake ya ajabu: kadiri kampuni ilivyokuwa kubwa na yenye kutawanya kazi zake hovyo, ndivyo ilivyokuwa vigumu kuitia hatiani.

Pengo hilo lilichukua miaka mingi kuzibwa. Sheria mpya ya Uingereza juu ya mauaji yanayosababishwa na kampuni ilipitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Aprili 2008. Kwa sheria hiyo mahakama hutazama jinsi wakubwa wa shirika wanavyoziendesha na kuzipanga shughuli zake, bila kulazimika kumtafuta mtu mmoja wa kubeba yote.

Katika bahari mabadiliko yalikuja mapema zaidi. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 1993 kanuni za uendeshaji salama wa meli, nazo zikawa za lazima kwa meli za abiria za safari za kimataifa tangu tarehe 1 Julai 1998. Kifungu kimoja hunivutia kuliko vyote. Kila kampuni lazima iteue mtu wa nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja ya kuufikia uongozi wa juu kabisa, ili malalamiko ya usalama kutoka melini yasiishie katika maandishi ya pembeni ya barua.

Miaka mingi baada ya ajali, nikiwa masomoni Uingereza, nilivuka mlango-bahari ule ule wa Dover kwa meli ya magari. Nilishuka sitaha ya chini kabla ya gari la mwisho kuingia, nikasimama pale hadi nilipoona mlango unafungwa. Baharia mmoja aliniuliza kama nimepotea.

Zile taa zilizoombwa mwaka 1985 hatimaye ziliwekwa. Katika meli mbili zilizobaki za aina ya Herald, kazi hiyo ilikamilika siku chache tu baada ya ajali.